Ukungu Ndani ya Chupa

Chupa ya nigori yenye povu, ikiachwa isimame kwenye jokofu siku chache, hujigawa yenyewe. Juu hubaki kimiminika kinachong'aa, chenye rangi hafifu ya majani makavu. Chini hutuama mashapo meupe, laini, kama unga wa muhogo uliolowekwa ukalala usiku kucha. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili haujanyooka. Una vilima na mabonde madogo, na kila baada ya muda kipovu kimoja huchomoka kutoka kwenye weupe ule, hukokota nyuma yake uzi mwembamba wa mashapo, kisha hupotea juu. Msafiri aliyeingia katika duka la pombe mjini Kyoto mwezi wa Januari, akikimbia baridi ya barabarani, huenda akadhani amekuta chupa iliyoharibika. Lakini jina lililo mbele ya chupa linakiri jambo hilo waziwazi: nigori, kutoka kitenzi cha Kijapani nigoru, yaani kutibuka, kupoteza uangavu kama maji ya kijito yaliyovukwa na ng'ombe. Wauzaji wengine wangelificha neno kama hilo. Watengenezaji wa kileo hiki wameliandika kwa maandishi makubwa, tena kwa wino mzuri.

Kiswahili kina neno moja linaloshika pande mbili za jambo hili. Ukungu ni ule mvuke mweupe unaolala juu ya mashamba ya milimani alfajiri; na ukungu ni ule uotaji unaofunika mkate uliosahauliwa kabatini. Nigori ina ukungu kwa maana zote mbili. Inaonekana kama mbuga ya asubuhi kabla jua halijapanda, na imezaliwa na ukungu ule wa pili, kuvu iitwayo koji, ambayo wanasayansi huiita Aspergillus oryzae. Mwaka 2006 chama cha wataalamu wa utengenezaji pombe nchini Japani kiliitangaza kuwa kuvu ya taifa, heshima ambayo nchi nyingine humpa ndege au ua. Haikuwa heshima ya bure. Kuvu hiyo ndiyo inayotengeneza pia mchuzi wa soya na miso, na kwa hiyo karibu kila mlo wa Mjapani umepita mikononi mwake.

Kazi yake hueleweka upesi kwa mtu aliyewahi kuona pombe ya nafaka ikipikwa Afrika Mashariki. Huko mpishi hutegemea kimea: ulezi au mtama huloweshwa, huachwa uchipue, huanikwa, kisha husagwa, na chipukizi lile dogo ndilo linalobeba vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, ili hamira ipate chakula. Mchele wa sake, pombe ya Kijapani ambayo nigori ni aina yake mojawapo, hauwezi kuchipua. Umekobolewa na kusuguliwa hadi kiini chake cha uhai kimeondoka. Hata ukilowekwa mwezi mzima, hautatoa jani. Kuvu ndiyo inayokuja kufanya kazi ambayo mbegu haina tena nguvu ya kuifanya. Mchele uliopikwa kwa mvuke hutandazwa katika chumba chenye joto linalopita nyuzi 30, hunyunyiziwa vumbi la mbegu za koji kwa mkono mwepesi, na kwa muda wa siku mbili hivi watu huugeuza, huufunika, huufunua, usiku na mchana, mpaka kila punje iote manyoya meupe na chumba kijae harufu tamu kama ya njugu. Kwa msomaji asiyetumia kileo, hapa kuna mahali pa kusimama: mchele na koji, bila hamira, huzaa amazake, kinywaji kizito na kitamu kisicholevya, ambacho watoto wa Japani hunywa kwa raha ileile ambayo watoto wa huku hunywa togwa.

Baada ya hapo safari huingia kwenye pipa. Katika bia, sukari hutengenezwa kwanza na hamira huitwa baadaye. Kila kazi ina zamu yake. Katika sake kazi zote mbili huendelea pamoja ndani ya chombo kimoja, koji ikitoa sukari na hamira ikiila papo hapo, na ndiyo sababu kileo hiki hufikia nguvu ya asilimia 18 hata 20 bila kukenekwa, kiwango ambacho vinywaji vichache vilivyochachuka tu huweza kukifikia. Mchele, koji na maji havimwagwi vyote kwa mara moja. Huongezwa kwa awamu tatu katika siku nne, na siku ya pili pipa huachwa bila kuongezwa kitu, ili hamira izaane kabla ya kulemewa. Siku hiyo Wajapani huiita odori, yaani ngoma. Ni jina la haki. Anayeinama juu ya pipa siku hiyo husikia mchakarisho wa chini kwa chini, kama mvua ya mbali juu ya makuti.

Kisha huja povu, na hapa panafaa kukaa kidogo, kwa kuwa povu ndilo lililokuwa kitabu cha fundi mkuu, toji, kabla ya vipimo vya maabara. Fundi huyo, ambaye zamani aghalabu alikuwa mkulima aliyeacha shamba lake chini ya theluji na kwenda kufanya kazi ya pombe hadi majira ya kuchipua, alisoma umri wa pombe kwa kutazama uso wake. Kwanza hutokea mistari michache ya povu, kama mikwaruzo. Hufuata povu jepesi la maji. Baadaye povu huumuka na kurundikana kama majabali ya pwani, na jina lake ni povu la mwamba. Hupanda tena likawa povu refu, linalotishia kufurika mdomo wa pipa. Halafu huanza kushuka, hugeuka mapovu makubwa ya mviringo kama shanga za kioo, na mwishowe uso hutulia. Kila hatua ina jina, na kila jina lilikuwa agizo: poza sasa, subiri, usiguse, andaa mifuko. Siku hizi viwanda vingi hutumia hamira zilizochaguliwa ili zisitoe povu, kwa sababu povu hula nafasi ya pipa na huacha kazi ya kusugua. Hesabu yao ni sahihi. Hata hivyo, pamoja na usafi huo limepotea jicho lililojua kusoma, na hasara hiyo inastahili kusikitikiwa.

Wiki tatu au nne zikipita, uji huo mzito wa mchele huwa tayari kukamuliwa. Kwa njia ya kale humiminwa kwenye mifuko ya kitambaa, mifuko hupangwa ndani ya sanduku refu la mbao, na uzito hukandamiza kutoka juu. Sanduku hilo huitwa fune, mashua, kwa umbo lake. Mtu wa pwani aliyekua akitazama nazi ikikamuliwa kwenye kifumbu hahitaji maelezo zaidi. Kuna tui la kwanza na tui la pili. Kuna chicha linalobaki. Na kuna ule weupe unaopenya kati ya nyuzi hata kama mkono umekaza kiasi gani. Chicha la sake halitupwi: hutiwa katika supu ya majira ya baridi, na samaki na mboga huzikwa ndani yake zipate ladha. Kimiminika kilichotoka ndicho kinachoachwa kitulie, kichujwe tena, mara nyingi kichemshwe kidogo ili hamira ife, na kizimuliwe kwa maji hadi asilimia 15 au 16. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini fundi wa sake huyatia maji hadharani, na kazi hiyo ina jina na vipimo vyake, na ile isiyotiwa maji nayo ina jina lake kwenye chupa.

Kwa karne nyingi uangavu umekuwa ndoto ya kazi hii. Mjini Itami, karibu na Osaka, husimuliwa kisa cha mtumishi wa ukoo wa Konoike aliyekasirishwa na bwana wake akatupa majivu kwenye pombe, akitaka kuiharibu. Asubuhi ikakutwa imejitakasa, inang'aa, na bwana akatajirika kwa hasira ya mtumishi. Ni hadithi tu, ingawa majivu kweli hupunguza ukali wa asidi na husaidia mashapo kutuama. Lakini kabla ya hadithi hiyo, na kwa watu wengi hata baada yake, pombe ya mchele ilikuwa nyeupe. Katika Man'yoshu, mkusanyiko wa mashairi wa karne ya 8, ofisa Otomo no Tabito ana mashairi kumi na matatu ya kusifu kileo, na kikombe anachokisifu kwanza ni cha pombe iliyotibuka. Humo hugusia pia mzaha wa kale kutoka China ya enzi ya mtawala Cao Cao, wakati kileo kilipopigwa marufuku na wanywaji wakalazimika kuzungumza kwa mafumbo: pombe angavu waliiita mtakatifu, na ile yenye ukungu wakaiita mtu mwema. Mgawanyo huo una utu ndani yake. Mtakatifu hutazamwa kwa mbali, lakini mtu mwema hukaribishwa nyumbani, huketi mkekani, na madoa yake hujulikana.

Karne nyingi baadaye, serikali ya Japani haikuwa na haja na mafumbo. Pombe ya wakulima, doburoku, ambayo haikuchujwa kabisa na iliyotengenezwa katika kila kaya yenye mchele wa ziada, haikulipiwa kodi sawasawa. Na Japani ya enzi ya Meiji, iliyokuwa ikijenga jeshi na viwanda, ilihitaji kodi ya pombe kama nguzo mojawapo kubwa ya mapato yake. Mwaka 1899 utengenezaji wa pombe nyumbani ukapigwa marufuku, na marufuku hiyo ingali na nguvu. Maeda Toshihiko, mwandishi na mwanaharakati aliyedai kuwa kuipika pombe ya kunywa nyumbani ni haki ya raia, aliifikisha hoja hiyo hadi Mahakama ya Juu, akashindwa mwaka 1989. Miaka ya mwanzo ya 2000 mlango ulifunguliwa kidogo: maeneo maalumu yaliruhusiwa, ambako mkulima mwenye nyumba ya wageni aweza kutengeneza doburoku kwa mchele wake mwenyewe. Tono, katika mkoa wa Iwate, ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuutumia mlango huo. Kwingineko sheria inashikilia mstari wake: ili kinywaji kiitwe seishu, jina la kisheria la sake, ambalo maana yake ni pombe angavu, lazima kiwe kimechujwa.

Ndani ya neno hilo, kuchujwa, ndimo nigori ya kisasa ilimopenya, na mahali pake ni Fushimi, kusini mwa jiji la Kyoto. Fushimi ni mtaa wa maji. Jina lake liliwahi kuandikwa kwa herufi zenye maana ya maji yaliyojificha, na hadi leo wakazi huenda na madumu yao kwenye hekalu la Gokonomiya kuteka chemchemi yake. Maghala ya pombe yamesimama kando ya mfereji wenye mierebi, kuta zake za mbao zimeunguzwa zikawa nyeusi. Kampuni ya Gekkeikan ipo hapo tangu 1637. Wenyeji huiita sake ya Fushimi ya kike, kwa ulaini wa maji yake, na ile ya Nada, upande wa Kobe, ya kiume, kwa maji yake magumu. Si mbali na mfereji huo kuna nyumba ya Masuda Tokubee, iliyoanzishwa mwaka 1675, ambayo pombe yake huitwa Tsukinokatsura, kwa mti wa katsura unaosimuliwa kuota mwezini. Katika miaka ya 1960 Profesa Sakaguchi Kin'ichiro wa Tokyo, bingwa wa elimu ya uchachushaji, aliwashauri watu wa nyumba hiyo wairudishe ladha ya pombe nyeupe ya zamani. Sheria ilitaka pombe ichujwe, lakini haikutaja udogo wa matundu ya chujio. Wakatumia chujio la matundu mapana. Mchele uliolainika ukapita, hamira hai ikapita nayo, pombe ikatiwa chupani bila kuchemshwa, na huko chupani hamira ikaendelea kula sukari iliyobaki. Gesi ya hewaukaa, ambayo pipani huruka na kupotea, sasa haikuwa na pa kwenda. Ikayeyuka ndani ya kinywaji, ikisubiri kifuniko kifunguliwe.

Ukungu na povu, basi, ni dalili mbili za jambo lilelile: kazi haijakwisha. Kinachoitwa sake angavu kimeshafika mwisho wake na kimefungwa. Nigori hai ingali njiani. Ndiyo maana haisafiri vizuri, na ndiyo maana watu husafiri kuifuata. Baadhi ya chupa zake zina kifuniko chenye tundu dogo la kupumulia, na chupa ya namna hiyo haiwezi kulazwa sandukuni bila kulowesha nguo. Zisizo na tundu hukusanya kani ndani ya kioo, na joto la siku moja laweza kuzifanya zifyatuke. Duka la mbali huikwepa, msafirishaji huiogopa, na nyingi huuzwa kati ya majira ya baridi na mwanzo wa kuchipua, katika miji ileile zilikotengenezwa. Kutembea kwingi ni kuona mengi, husema wahenga; hapa kutembea ndiyo njia ya kuonja. Mgeni huikuta katika baa ya watu wanane nyuma ya pazia la kitambaa, au kwenye kaunta ya ghala lenyewe, mahali ambapo hakupanga kufika, akiwa ameelekezwa na mtu aliyeona anavyoitumbulia macho chupa nyeupe ya meza jirani.

Kuifungua ni somo la subira. Chupa hutolewa kwenye baridi kali, nyuzi 5 hivi, kwa kuwa gesi hushikwa na baridi na huachiliwa na joto. Haitikiswi. Mwenye baa huzungusha kifuniko robo ya mzunguko, na mara weupe wa chini huamka: hupanda kama vumbi nyuma ya gari kwenye barabara ya kifusi, huvuka ule mpaka wa vilima na mabonde, hukimbilia shingoni. Kabla haujafika, kifuniko hukazwa. Weupe hushuka. Hufunguliwa tena, hukazwa tena, mara tano, mara kumi, na kwa fundi mwenye adabu hata dakika kadhaa, na watu wote kwenye kaunta huacha mazungumzo. Haraka haraka haina baraka, na hapa baraka yenyewe hupimwa kwa vikombe: anayefungua kwa pupa huoga nusu ya chupa. Jambo la kupendeza ni kwamba wakati kifuniko kinapoondoka hatimaye, sehemu kubwa ya kazi ya kuchanganya imeshafanyika. Povu limevuruga mashapo lenyewe, bila mkono.

Wenye kutaka kuijua vizuri huanza na kile kilichobaki angavu, kidogo tu, kabla haijachanganyika yote. Ni kikavu, chepesi, chenye makali. Kisha huja kikombe cha pili, cheupe kama tui, na sauti yake huisikia kwanza sikio. Wajapani huiita shuwashuwa, na Mswahili asingepata shida kuielewa. Harufu inayopanda mara nyingi ni ya ndizi mbivu, na si kwa mfano tu, kwa kuwa kimojawapo cha viini vya manukato ambavyo hamira hutengeneza ndicho kilekile kinachonukia katika ndizi. Ulimini, vipovu huchoma kama ncha za sindano, na katikati ya mchomo huo hutandaa ulaini wa mchele, utamu wa uji, uchachu wa maziwa ya mtindi, halafu chembechembe ndogo ambazo meno huzitafuta na kuzikosa. Mwisho kuna uchungu mdogo, kama wa ganda la mbegu. Utamu huo unadanganya: nigori hai ya Fushimi huweza kufikia asilimia 17, nguvu inayozidi mvinyo mwingi wa zabibu, na mgeni huitambua anaposimama. Kikombe kikikaa mezani hupata joto, povu hupungua, mchele hujitokeza zaidi. Dakika ishirini baadaye ni kinywaji kingine. Hakuna mlo wa kifahari unaohitajika. Samaki wa kuchoma kwa chumvi anatosha, kwa sababu povu husafisha mafuta na weupe hutuliza chumvi.

Povu limezaa ndugu wengine tangu hapo. Mwaka 1998 kiwanda cha Ichinokura cha Miyagi kilitoa Suzune, tamu na nyepesi, yenye asilimia 5 tu ya kileo, ambayo jina lake humaanisha mlio wa kengele. Mwaka 2008 kiwanda cha Nagai cha Gunma kikatoa sake ya povu iliyo angavu, iliyochachushwa chupani kama shampeni, mashapo yakiondolewa mwishoni kwa ustadi. Mwaka 2016 likaundwa shirika la watengenezaji wa sake ya povu, na miongoni mwa masharti yake ni kinywaji kiwe kinapenyeka kwa mwanga. Ni vinywaji vizuri, vilivyotengenezwa ili viweze kuketi katika meza yoyote duniani. Ila ndoto ya zamani ya uangavu imerudi kwa mlango wa nyuma, na ukungu umeachwa tena nje pamoja na watu wa kawaida.

Upo mahali pengine ambapo haujawahi kuachwa. Katika kijiji cha Shirakawa, mkoani Gifu, chenye nyumba za paa refu la nyasi ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1995, hekalu hutengeneza doburoku yake kwa kibali maalumu, na kila Oktoba hutolewa kwa miungu kwanza, kisha humiminwa kwa wenyeji na wageni walioketi uwanjani. Haina povu la chupani. Hainukii maabara wala duka. Hunywewa palepale, nzito, ikinata kwenye kikombe kipana. Desemba 2024 UNESCO iliongeza kwenye orodha yake ya urithi usioshikika ujuzi wote huu wa kutengeneza pombe kwa koji, wenye uangavu na wenye ukungu pamoja.

Huko Fushimi, juu ya mlango wa ghala, huning'inizwa tufe kubwa la matawi ya mwerezi wa Kijapani. Linapopandishwa wakati wa mkamuo wa kwanza huwa la kijani kibichi, na wapita njia hujua kwamba pombe mpya imetoka. Miezi ikipita hunyauka taratibu, hugeuka rangi ya majani ya chai, kisha ya udongo. Kufikia majira ya joto limekauka kabisa. Mapipa yamesuguliwa na kufunikwa, rafu ya nigori hai kwenye kaunta ina vinywaji vingine, na msafiri anayeiulizia hujibiwa kwa upole arudi theluji ikianza.